Haki ya Muuguzi Kustarehe

Je, ni haki mtu aliyetoka zamu ya kuwahudumia wagonjwa aketi kutazama sinema na kucheka, hali wale aliowaacha wodini wangali wanaugua? Swali hili, msomaji kijana, laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa: mtu ana deni gani kwa wenziwe, na ana deni gani kwa nafsi yake?

Itazame kwanza kazi yenyewe. Katika Migori na Homa Bay, kaunti mbili za Kenya zilizo kando ya Ziwa Viktoria, maradhi ya malaria na Ukimwi yamewatesa watu kwa miaka mingi. Mwaka 2001, wakati dawa za Ukimwi zilipokuwa ghali mno, hospitali ya Homa Bay ilianza kuzitoa bila malipo kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria kwa watoto ilizinduliwa Kenya katika kaunti hiyo hiyo. Watu husifu dawa na chanjo, na zastahili sifa. Lakini dawa haitembei yenyewe kutoka kabatini hadi kitandani. Hupelekwa na mkono wa mtu, na mkono huchoka.

Yuko atakayesema, "Aliyechoka na alale, sinema ya nini?" Hoja hii ni nusu ya kweli. Usingizi huupumzisha mwili, lakini mtu aliyemfumba marehemu macho jioni hapati utulivu kwa kufumba macho yake mwenyewe usiku. Mchana kutwa kila uso wenye maumivu ulimdai kitu: leta maji, pima joto, mwite daktari. Katika sinema huona mashaka ya watu pasipo kudaiwa lolote. Mkono wake wapumzika, na huruma yake haifi. Akicheka, kicheko chake hakimtukani aliyekufa. Ni pumzi ya mtu aliyebeba mzigo mzito akautua kwa muda. Kati ya 1935 na 1937 filamu zilitengenezwa Tanganyika ili kuwafundisha watu mambo kama afya na kilimo. Hilo lilikuwa jema. Lakini hata filamu isiyofundisha kitu, ikimpumzisha mwenye kuwatunza wagonjwa, imeitumikia afya.

Hata hivyo starehe ni kisu chenye makali pande mbili. Jicho likizoea kuona mashaka pasipo mkono kuinuka, mkono waweza kusahau kazi yake. Tena siku hizi simu ndogo hubeba sinema nyingi, na moja ikiisha nyingine huanza, mpaka jogoo awike. Starehe ya namna hiyo hailipi deni la uchovu, bali huliongeza. Na atakayelilipa ni mgonjwa wa asubuhi, kwa dawa iliyokosewa kipimo.

Wavuvi wa ziwa lile huketi ufukoni kushona nyavu zao. Saa ile hawavui, wala hakuna awaitaye wavivu, maana samaki wa kesho hunaswa na wavu ulioshonwa leo. Basi usimpime muuguzi kwa sinema aliyoitazama usiku. Mpime asubuhi, kwa namna anavyokiendea kitanda cha mgonjwa. Nawe ujipime vivyo hivyo, kwa namna urudivyo kazini baada ya starehe yako.