Mbio za Kungojana

Masomo: Yohana 20:1-8, Wagalatia 6:2



Sisi tuliofundisha shule miaka mingi twayajua mashindano ya mbio. Wa kwanza hupigiwa makofi, wa mwisho huchekwa. Basi vijana wa kanisa walipotualika tufuatane nao Dodoma kwenye mbio za hisani, tuliulizana: sisi wazee tunafuata nini huko?

Hata hivyo tulikwenda. Ndugu zetu wa Mikumi walikuja kwa njia ya Ulaya, Ulaya yetu hii ya wilaya ya Kilosa isiyohitaji pasipoti, wakalala kwetu. Kesho yake tukapanda pamoja treni ya umeme, ambayo ilianza safari za Dodoma mwaka 2024. Mbio zenyewe, NBC Dodoma Marathon, zimechangisha fedha za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Vijana walikimbia. Sisi tulijiandikisha kilomita 5, tukatembea.

Kati yetu alikuwamo mama mmoja wa kanisa letu aliyekwisha kutibiwa ugonjwa huo. Karibu mwaka mzima aliuficha. Tulipomwuliza sababu alijibu kwa upole kwamba aliogopa midomo yetu. Ndugu, hatukuwa na la kusema. Maana kabla yake aliugua mwanamke mwingine, nasi, baada ya ibada, chini ya mwembe, tulisema hayo ni malipo ya mwenendo wake. Mama huyu alikuwa ameketi papo hapo akisikia. Hatukumpiga kwa jiwe, lakini kwa ulimi tulimfungia mlango wa hospitali.

Na tulisema uongo. Waganga wametufundisha kwamba karibu saratani zote za namna hii hutokana na kirusi kinachowapata watu wengi mno, hata mke mwaminifu katika ndoa yake. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Lakini dalili zake huweza kuonekana kwa uchunguzi kabla haijawa saratani, zikatibiwa. Tena tangu 2018 wasichana nchini hupewa chanjo. Na tangu 2024 dozi moja hutolewa kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Hivyo aibu yaweza kuua mtu ambaye dawa ingalimponya.

Turudi Dodoma. Kabla ya nusu ya njia mama yetu alichoka. Tukapunguza mwendo, tukaketi naye kidogo kando ya barabara, tukaendelea. Mara tukaona vijana wetu, waliokwisha kumaliza zamani, wanarudi nyuma kututafuta. Wakatushika mikono, wakaanza kuimba. Tulifika watu wakikunja mahema. Hakuna aliyetupigia makofi, lakini mama yule alicheka mpaka machozi, nasi pia. Furaha ile hatukuipata siku yoyote tuliyowahi kushinda kikombe cha shule.

Hapo tukamkumbuka yule mwanafunzi aliyekimbia pamoja na Petro asubuhi ya Ufufuo. Alikuwa na mbio zaidi, akafika kaburini kwanza, lakini hakuingia mpaka Petro alipofika na kutangulia kuingia. Wepesi wa miguu ulimpa nafasi ya kungoja.

Kule Kanada mwaka 1980 kijana Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, akiomba fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Ugonjwa ulirudi, akasimama njiani, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 22. Hakufika mwisho wa nchi yake. Lakini kila mwaka watu hukimbia kwa jina lake, kana kwamba wamerudi kumchukua pale aliposimama.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tutubu maneno yetu. Mgonjwa asikute hukumu mahali alipotazamia kukuta ndugu.

Pili, akina mama waende kupimwa, wasiende mmoja mmoja kwa kujificha, bali wawili wawili, watatu watatu. Nanyi akina baba, toeni nauli bila kunung'unika, na wapelekeni binti zenu kuchanjwa.

Tatu, vijana wakituita tena, twende. Mwenye fedha atoe, asiye nazo atembee, asiyeweza kutembea aombe. Mtume Paulo atufundisha kwamba tukichukuliana mizigo twaitimiza sheria ya Kristo. Nasi tumeonja kwamba mzigo uliochukuliwa na wengi huimbiwa.

Bwana, ambaye hakuona haya kuguswa na mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, atufundishe kungojana. Amina.