Heshima si utumwa: juu ya wanawake wanaotumika mu kampanye za siasa

Ndugu musomaji, kuko neno moja ambalo wazee hawakuchoka kutuambia: heshima si utumwa. Mutoto anapiga magoti mbele ya muzee kwa kumusalimia, lakini muzee hana ruhusa ya kumukanyaga sababu amepiga magoti. Kila mutu analijua neno hili. Hata hivyo kuko wakati tunalisahau sisi wote pamoja, na wakati huo ni wakati wa kampanye.

Tangu 2006 inchi yetu imekwenda ku kura mara ine: 2006, 2011, 2018 na 2023. Kampanye yenyewe ni siku 30 tu. Mu siku hizo kandida anakuwa na watu wengi nyumbani kwake kama shefu wa kimila: kuko wanaoandika, wanaobandika picha, wanaopika bukari, wanaoimba, wanaopokea wageni, wanaoandikisha mashahidi watakaokaa mu biro za kura. Ukitazama vizuri, utaona wengi wao ni wanawake. Wengi hawana kontra. Wanapewa kikwembe chenye sura ya kandida, kofia, pesa ya transipoti, na ahadi moja: "Tukipita, hatutakusahau."

Nataka tujiulize mambo mawili. La kwanza: mutu anaweza kupigania haki ya wananchi mu mikutano, na wakati ule ule kuwatendea vibaya wale wanaomutumikia? La pili, lililo gumu zaidi: yule anayetendewa vibaya, anapaswa kunyamaza kusudi kundi lake lishinde?

1. Nilivyoona mimi mwenyewe

Mu 2011 nilisaidia kampanye ya kandida mumoja mu muji wetu. Jina lake si lazima hapa. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ilikuwa kuandika hotuba na kusahihisha barua. Mama mumoja, jirani yetu wa lupango, aliniomba: "Mwalimu, mutoto wangu amemaliza masomo, anajua ordinatere, na anakaa bure. Umutafutie nafasi kule." Nilimupeleka. Akawekwa ku kuandika liste ya mashahidi, na kazi ile aliifanya vizuri kutushinda sisi wote.

Juma la pili, mukubwa wa kampanye, yule aliyekuwa anashika pesa, alianza kumwita "bibi yangu" mbele ya watu. Watu walicheka. Na mimi nilicheka kidogo. Kisha akamuagiza alete liste saa mbili ya usiku ku hoteli. Binti akauliza kama anaweza kuileta asubui ku biro. Jibu lilikuwa: "Weye unataka kazi ao hapana?" Hakuenda. Asubui alikuta jina lake limeondolewa, mashini imepewa mutu mwingine, na pesa ya juma mbili hakulipwa.

Alikuja kwangu, sababu ni mimi njo nilimuleta. Nilimwambia: "Mwana wangu, vumilia. Tuache vote ipite kwanza. Tukisema sasa, wapinzani watapata cha kusema." Wazee wawili wa kamiti niliowaeleza walisema vilevile. Vote ilipita. Kandida wetu hakupita, na hakuna mutu aliyerudia ile maneno. Mama wa binti ananisalimia mpaka leo, lakini hajanipa tena mutoto wa kumupeleka fasi.

Naandika haya si kwa kushitaki wengine. Mukubwa yule alifanya lake, na mimi nilifanya langu.

2. Je, ni desturi?

Mara nyingi watu wanasema: "Mu siasa njo vile. Ni desturi yetu, mukubwa ni mukubwa." Sababu kitabu hiki ni cha desturi, tulitazame neno hilo kwa karibu.

Hapa Katanga Walunda wanaheshimu jina la Ruwej, mwanamuke aliyeshika utawala zamani, mbele ya wafalme waliokuja nyuma. Mpaka leo, kule Musumba, karibu na Mwaant Yav kuko Rukonkesh. Kwa cheo yeye ni "mama" wa Mwaant Yav, na ana watu wake na baraza yake. Hakai pale kama pambo. Baluba nao walikuwa na Mwadi, mwanamuke aliyebeba roho ya mufalme aliyekufa, na watu walikuja kwake kwa heshima kama kwa mufalme mwenyewe. Basi anayesema kwamba mu desturi yetu mwanamuke karibu na utawala ni wa kucheza na kupokea wageni tu, hajauliza wazee.

Lakini tusijidanganye. Desturi zetu hazikushuka kutoka mbinguni. Rukonkesh alikuwa na heshima, na siku ile ile wanawake wengine walikuwa wanabeba maji ya wakubwa bila kuulizwa maoni. Tena, mu vijiji vingi, mwanaume akimuzulumu binti, mambo ilipelekwa kwa wazee na mbuzi zililipwa. Ni vizuri kwamba kulikuwa hukumu. Lakini mbuzi zilipewa nani? Baba ao mume. Kosa lilihesabiwa kama kosa juu ya mwenye binti, si juu ya binti mwenyewe. Hapa desturi ilituachia kazi ambayo haijamalizika. Binti aliyekuja kwangu 2011 hakuwa mali ya baba yake iliyoharibika. Alikuwa mutu aliyenyimwa kazi yake na mushahara wake.

Na ile michezo ya kampanye, wanawake mustari kwa mustari na vikwembe vyenye sura ya mukubwa, ilitoka wapi? Wenye umri wetu wanakumbuka. MPR ilianzishwa tarehe 20 Mei 1967, na mu miaka ya 1970 ikaja animasio. Mashirika, masomo, mitaa, kila fasi ilipaswa kuwa na kikundi cha kuimba na kucheza kwa kumusifu Mobutu, mu stade na ku uwanja wa ndege. Mama zetu na dada zetu walisimama juani masaa mengi kumungoja mutu mumoja, na wengi hawakuwa na namna ya kukataa. Minongono juu ya mabinti waliochaguliwa kati ya wachezaji tuliisikia sisi wote mu lupango, kwa sauti ya chini. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vipya vilizaliwa vingi, lakini ngoma waliyopiga ilikuwa ile ile.

Kwa hiyo, jambo ambalo wanaliita desturi ya mababu halina hata umri wa mama yangu. Ni zoezi la utawala wa mutu mumoja, na tumelivalisha nguo ya mababu kusudi tusiliulize maswali.

3. Sababu tatu tunazotoa

Sababu ya kwanza: "Ni muchezo tu, anapenda kucheka." Muchezo unahitaji watu wawili wanaoweza kuuacha. Kama mumoja akiuacha anapoteza kazi, na mwingine akiuacha hapotezi kitu, ule si muchezo. Jaribu kumwita mukubwa wa kampanye "bwana yangu" mbele ya watu na kumushika kiuno, utaona kama atacheka.

Sababu ya pili: "Alikubali mwenyewe, alijua anaingia wapi." Ni kweli kuko wanaokubali. Mukono mutupu haulambwi, tunasema, na mutu mwenye njaa anaona mukono unaoshika pesa. Lakini kukubali kwa mutu asiye na namna ingine ni kukubali gani? Alikuja kutafuta kazi ya kuandika. Kazi ile ina bei yake, na bei ile ameilipa kwa kuandika. Anayeongeza bei ya pili kisirisiri ni mwizi, hata kama aliyeibiwa hakupiga kelele.

Sababu ya tatu njo ile niliyoitoa mimi: "Tungoje kwanza tushinde." Hii haisemwi na wabaya tu. Inasemwa na watu wenye nia nzuri, wanaoamini kwamba kandida wao ataleta maji na barabara. Wanapima: shida ya mutu mumoja upande huu, faida ya maelfu upande ule. Nani atachagua mumoja?

Hesabu hiyo ina makosa, na nimechukua miaka kuyaona. Kwanza, si sisi tunaolipa. Tunatoa sadaka kwa mwili na jina la mutu mwingine, kisha tunajiita wenye kuvumilia. Pili, siku ya kusema haifiki. Ukishindwa, kamiti inavunjika na kila mutu anarudi kwake. Ukishinda, yule ambaye hukuweza kumusemesha wakati alikuwa anaomba kura, utamusemesha akiwa depite, na askari ku mulango? Tatu, kampanye ni mufano mudogo wa serikali. Namna mutu anavyotawala watu 20 mu siku 30 inaonyesha namna atakavyotawala provense mu miaka mitano.

Na hili si ugonjwa wa Afrika peke yake, wala wa wanaume wanaotafuta vyeo peke yao. Mu 2008 Hillary Clinton alikuwa anatafuta kuwa kandida wa chama chake kwa uprezida wa Marekani. Mwanamuke kijana aliyetumika mu kampanye ile alishitaki mushauri mumoja kwamba anamusumbua. Mukubwa wa kampanye alishauri mwanaume afukuzwe. Hakufukuzwa. Alikatwa mushahara kwa muda, na mwanamuke njo alihamishwa ku kazi ingine. Watu walipata kujua mu 2018, miaka 10 baadaye. Mu Januari 2019 Bernie Sanders, ambaye maisha yake yote anasema juu ya haki za wafanyakazi, aliomba radhi kwa wanawake waliosema walisumbuliwa mu kampanye yake ya 2016. Basi nia nzuri ya kandida haitoshi, na kuwa na mwanamuke juu pia haitoshi. Nakumbusha hili sababu mu 2024, Judith Suminwa Tuluka alipokuwa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri mukuu kwetu, nilisikia watu wakisema: "Sasa wanawake wanataka nini tena?" Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini heshima ya Rukonkesh haikuwahi kumulinda mubeba maji.

4. Sheria iko, masikio hayako

Hatuwezi kusema hatuna sheria. Kode ya kazi ya 2002 inahesabu usumbufu wa kimapenzi kati ya makosa mazito ya patron. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na mambo yanayofanana nao inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 12 kwa anayetumia mamlaka ya kazi yake kulazimisha mutu kwa mambo ya mwili. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mashitaka hayaanzi bila mwenye kutendewa kutoa plente. Ona basi: kila mara tunapomwambia binti "vumilia", tunafunga mulango peke yake ambao sheria ilimuachia.

Tena, anayetumika kwa kikwembe na transipoti ataonyesha kontra gani? Mapatano nambari 190 ya Shirika la Kazi la dunia, yaliyokubaliwa Geneva mu Juni 2019, yanalinda hata wanaojitolea, wanaojifunza kazi, na wanaotafuta kazi. Fikra hiyo ni ya kuchukua: kinachomupa mutu haki ni kwamba anatumika, si karatasi.

Watu wataniuliza: "Na kama ni uongo? Na kama wapinzani wamemutuma?" Ni swali la haki. Jibu liko mu baraza ya wazee wetu. Pale hakuna anayehukumiwa bila kusikiwa, lakini pia hakuna anayekatazwa kusema. Kusikiliza si kuhukumu. Tunaponyamazisha mumoja kwa kuogopa uongo, tumeshahukumu tayari, na tumehukumu upande mumoja bila kuusikia.

Mambo ya kufanya si makubwa. Kila kampanye iweke watu wawili wa kusikiliza, na mumoja awe mama muzee asiye ndugu wa kandida wala wa mushika pesa. Kazi ifanyike ku biro, muchana, si ku hoteli. Pesa ya kila mutu iandikwe tangu siku ya kwanza, na anayelipa asiwe yule anayeamuru. Na ikitokea shida, asihamishwe aliyeshitaki.

Mu 2023 watu wa kandida mwingine walikuja kwangu. Walitaka niwatafutie vijana wanaojua kuandika, "na mabinti wazuri wa kupokea wageni". Niliwauliza: "Mutoto wa watu akipata shida kwenu, atamuambia nani?" Walitazamana, wakacheka, wakasema: "Mwalimu, hii ni siasa." Niliwapa maji ya kunywa, nikawasindikiza mpaka ku barabara, na sikuwapa jina hata moja. Haikumusaidia binti wa 2011. Nilikuwa ninapaswa kuuliza swali lile miaka 12 mbele, siku mama yake aliposimama ku mulango wangu. Tutakwenda tena ku kura. Wewe musomaji, watakapokuja kwako, utawauliza nini?