Taya Lililolika Linajengeka

Ukimwona mtu wa Mpitimbi anakataa hindi la kuchoma msimu wa mahindi mabichi, ujue ana jambo. Ukimkaribisha, anasema ameshiba. Ukimchekesha, anaziba mdomo kwa kiganja. Magego yaling'olewa zamani, mashavu yamebonyea, na amekwisha kuambiwa kuwa meno ya kupandikiza hayamfai kwa sababu mfupa umeisha. Kama mtu huyo ni wewe, ndugu yangu, usikate tamaa: mfupa ulioisha unajengwa upya!

Kwanza jua mfupa huo uliondokaje. Mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi. Kila unapotafuna, jino huusukuma nao hujiimarisha. Jino likitoka, kazi imekwisha, na mwili huanza kuuyeyusha. Mwaka wa kwanza tu, upana wake penye pengo unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa huondoka katika miezi 3 ya mwanzo. Hukurogwa, wala si uzee.

Sasa tazama mfupa unavyorudishwa. Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa huchukua mfupa kidogo mwilini mwako, sehemu ya nyuma ya taya, kidevuni au kwenye nyonga. Wengine hutumia chembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa kiwandani hadi yakabaki madini. Daktari hufunua ufizi, hupanga mfupa huo au chembe hizo penye upungufu, hufunika kwa utando mwembamba na kushona. Kisha ni subira, mara nyingi miezi 4 hadi 9, mishipa ya damu ipenye na mwili ujenge mfupa mpya. Hapo ndipo skrubu ya titani inayobeba jino la kupandikiza hupata pa kushika, maana nguzo haisimami kwenye udongo uliomomonyoka.

Usidhani haya ni majaribio. Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa akichunguza damu inavyopita katika mfupa wa mguu wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kiligoma: mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Vipandikizi vyake vilidumu hadi alipofariki mwaka 2006.

Na hapa kwetu? Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979, hupokea wagonjwa wenye ameloblastoma, uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu makali, hata wengi huchelewa kwenda hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wapo wanaokatwa kipande kizima cha taya, kisha wakajengewa kwa bamba la titani au mfupa wa nyonga. Ikiwa taya lililokatwa linajengeka, pengo lako la magego litashindikanaje?

Basi inuka. Anzia kwa daktari wa meno Songea mjini, upigwe eksirei, uulize mfupa uliobaki ni kiasi gani na rufaa iende wapi. Uliza bei yote tangu mwanzo hadi jino la mwisho, na bima yako inalipia nini. Pima sukari. Sigara iache leo, kwa sababu huchelewesha kidonda kupona na huweza kuharibu kazi yote. Gharama si ndogo, itengee fungu. Meno bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu na yanasaidia kula, ila hayazuii mfupa kuendelea kulika.

Na jino linalokuuma sasa, usikimbilie kusema "ng'oa tu." Uliza kwanza kama linaweza kuzibwa. Likiwa halina budi kutoka, uliza namna ya kuulinda mfupa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuutunza uliopo ni rahisi kuliko kuujenga uliokwenda.

Ukiuza mahindi msimu huu, nauli ya kwenda kwa daktari itoke kwanza, mengine yafuate. Nenda!