Tukienda Mlangoni kwa Mtawala



Kutoka Kanisa Kuu letu la Mkunazini hadi Ikulu ya Vuga si mwendo mrefu. Hata mzee mwenye bakora hufika. Lakini kwenda huko watu wengi pamoja, kwa jina la wananchi, ni safari nzito. Kabla ya kutoka nyumbani yatupasa tujiulize: tunakwenda kwa ajili ya nani?

Katika sura ya 27 ya kitabu cha Hesabu twasoma habari za mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na jina lake lilikuwa karibu kupotea pamoja na urithi wake. Wanawake hawa hawakunung'unika kisimani, wala hawakumsema Musa nyuma ya mahema. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakaeleza haja yao kwa maneno machache. Naye Musa hakuwafukuza. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akajibu kwamba wanasema haki. Ikawa sheria kwa Israeli yote, hata kwa mabinti ambao hawakuwako mlangoni siku ile.

Hiyo ndiyo alama ya ombi jema: linamfaa pia yule asiyekuwapo.

Sisi wa Zanzibar tunao mfano wa karibu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya iliagiza maofisa wake na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na watu wakaona kuwa ni shuruti. Wako maaskofu waliodhani kwamba shuruti yaweza kukubaliwa, mradi isimamiwe vizuri. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikataa. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuwaambia Waingereza kwamba wanawafanya Waafrika watumwa wa shamba, akaipeleka habari hiyo hadi Uingereza kwenyewe. Mwaka 1921 serikali ya Uingereza iliwakataza maofisa kuwatafutia walowezi vibarua. Weston hakuwa kibarua, wala Kenya haikuwa dayosisi yake. Lakini kiti chake cha uaskofu kilikuwa mahali palipokuwa soko la watumwa, na mtu anayesali mahali hapo hawezi kunyamaza.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila mwendo wa kwenda Ikulu ni mwema kwa sababu tu hauna mawe. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mishahara yao. Kulikuwa na bango lililosema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Twaweza kuona kwamba adhabu ilikuwa kali. Lakini mkulima, ambaye jasho lake liliwasomesha, hakuonekana katika mabango yao. Na tukumbuke jambo la pili: siku ileile Mwalimu alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtawala aliyewakemea alijikemea na yeye.

Tena tunajua gharama ya mlango uliofungwa. Tarehe 27 Januari 2001, baada ya uchaguzi wa 2000, watu waliandamana Unguja na Pemba ingawa walikatazwa. Risasi zilipigwa. Tume iliyoundwa na Rais ilihesabu watu 31 waliokufa, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Hatuandiki haya ili kufukua makaburi. Twaandika kwa sababu miaka minane baadaye, Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad waliketi pamoja Ikulu, na Julai 2010 wananchi wakapiga kura kuikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kumbe mlango uliweza kufunguka! Wenye kufiwa wana haki ya kuuliza kwa nini haukufunguliwa mapema.

Basi, sisi tukiona inafaa kwenda kuomba maji, dawa, au haki ya mvuvi na ya mama anayelima mwani Paje na Jambiani, twende hivi. Kwanza tumsikilize mama huyo mwenyewe, tusimsemee kwa kubuni. Tuketi na jirani zetu Waislamu, kwa maana sisi ni wachache, na ndoo tupu haina dini. Tuanze kwa sheha, kisha kwa mwakilishi wetu, na majibu yao tuyaandike. Tukiwa bado hatujasikilizwa, tuandike hati fupi, tuwachague wazee na vijana wa kuikabidhi, na tuwaarifu polisi mapema kama sheria inavyotaka. Siku yenyewe asije mtu na fimbo, wala mtu aliyelewa, wala mwenye matusi. Tukizuiwa njiani, tusimame, tusirushe hata kokoto moja.

Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba Mkristo kazi yake ni kuomba tu. Kweli, katika Misa twawaombea wenye mamlaka. Kwa hiyo hatuwezi kumwombea Rais asubuhi na kumtukana jioni. Lakini pia hatuwezi kumwombea huku tukimficha njaa ya watu wake. Anayempenda mtawala humwambia kweli, kama daktari amwambiavyo mgonjwa.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewasikia mabinti watano mlangoni pa hema, utupe midomo isiyo na uchungu na miguu isiyo na haraka ya ugomvi. Uwape watawala wetu masikio ya Musa. Na mahali palipouzwa watu, usituache tukae kimya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.