Mwalimu na Tendo la Mwanafunzi

Katika falsafa ya elimu lipo swali la tangu kale, nalo ni iwapo anayefundisha ana sehemu yoyote katika tendo la aliyefundishwa. Netiboli, yaani mpira wa pete, hulidhihirisha swali hilo kuliko michezo mingi, kwa kuwa kanuni zake humzuia kocha kuingia uwanjani mchezo ukiendelea, na humtaka mwenye mpira autoe ndani ya sekunde 3 bila kukimbia nao, muda usiotosha hata kugeuka kulitazama benchi.

Noeline Taurua, Mmaori wa New Zealand, alikabidhiwa timu ya taifa, Silver Ferns, mwaka 2018, miezi michache baada ya timu hiyo kushika nafasi ya nne na kukosa medali katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast. Alifanya utimamu wa mwili kuwa sharti la kuchaguliwa, akawarejesha wakongwe Laura Langman na Casey Kopua, na mwaka 2019 mjini Liverpool timu ikatwaa Kombe la Dunia kwa kuifunga Australia 52 kwa 51. Je, ushindi huo, uliopatikana kwa tofauti ya bao moja, ni wa nani?

Augustino wa Hippo, katika kitabu chake kiitwacho De Magistro, alishikilia kwamba hakuna binadamu anayemfundisha mwenzake kwa maana kamili, kwa sababu maneno huashiria tu, na ukweli huonwa na nafsi ya mwanafunzi inapoangazwa na Mwalimu wa ndani, ambaye ni Kristo. Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa: uwazi kati ya walinzi wawili lazima uonwe na mpiga pasi mwenyewe, wala hakuna kocha awezaye kuuona kwa niaba yake.

Lakini kuona hakutoshi. Senta anayedaka mpira kwenye ukingo wa duara la kufungia, akiwa ametua kwa mguu mmoja ambao akishauinua haruhusiwi kuukanyagisha tena kabla ya kuachia mpira, huweza kuuona uwazi na bado akashindwa kuutumia, endapo mapafu yamekwisha na mwili hausimami wima katika robo ya nne. Hapo ndipo Aristotle anapofaa zaidi, kwa fundisho lake la heksisi, yaani hali thabiti ya mtu inayojengeka kwa kutenda jambo lilelile mara nyingi hadi liwe sehemu yake. Wanaowasifu makocha kwa mbinu za siku ya fainali husifu sehemu ndogo kabisa ya kazi. Mchango wa Taurua ulikuwa umekwishaingia katika miili ya wachezaji kabla filimbi haijapulizwa.

Aristotle huyohuyo, hata hivyo, anasisitiza kwamba kila mtu ni mshiriki katika kuisababisha hali yake mwenyewe, na kwa hiyo ushindi haugawanywi mafungu, hili la kocha na lile la mchezaji, bali kila mmoja anaumiliki mzima kwa njia yake, kama ambavyo angepaswa kuubeba mzima ushinde. Kopua alikuwa amekwishastaafu netiboli ya kimataifa alipokubali kurudi. Mwalimu aliweza kuweka sharti la mazoezi, lakini kulikubali sharti hilo, asubuhi baada ya asubuhi, kulikuwa tendo la Kopua peke yake.