Baada ya Ubatizo: Mkristu Mpya Hukua Namna Gani?

Usiku wa Pasaka, katika misioni nyingi za Kongo, wakatekumeni waliokwisha kumaliza miaka yao ya mafundisho husogea mbele ya Padri, mmoja mmoja, kila mmoja pamoja na msimamizi wake. Maji humiminwa juu ya kichwa, jina jipya hutajwa, nguo nyeupe huvaliwa, mshumaa huwashwa. Ngoma hulia hata alfajiri, na jamaa huchinja kuku. Hayo yote ni mema, na furaha hiyo ni haki yao. Lakini siku za sikukuu hupita, na jembe hurudi mkononi, na jirani mwenye maneno yuko pale pale, na deni la zamani halijalipwa. Hapo ndipo swali huzaliwa moyoni mwa mbatizwa: Je, nimekuwa mtu mpya, au nimepata jina jipya tu?

Wengine hudhani ya kwamba Ubatizo ni mwisho wa kazi. Walijifunza katekisimu kwa moyo, walijibu maulizo ya Padri bila kukosa, walipata medali na rozari, basi, wamefika. Mawazo hayo yana hatari kuliko matusi ya wasioamini, kwa maana matusi humwamsha mtu, na mawazo hayo humlaza usingizi. Mtoto aliyezaliwa jana ni mtu kamili, hapungukiwi mwili wala roho. Hata hivyo asiponyonyeshwa, hatamaliza juma. Ndiyo sababu Mtume Petro aliwaonya Wakristu wa kwanza watamani maziwa ya roho kama watoto wachanga, wapate kukua. Naye Mtume Paulo aliwakaripia watu wa Korinto, kwa kuwa walikuwa wangali watoto wa maziwa, wasioweza chakula kigumu. Na alama ya utoto wao aliitaja waziwazi: wivu na magombano. Hakuuliza kama wamesahau masomo yao. Aliuliza juu ya wivu na magombano.

Mama wa kijiji anajua jambo hili kuliko waalimu wengi. Mihogo michungu huiacha majini siku tatu, pengine nne, hata ilainike. Ndipo huianika juani na kuitwanga. Anayeitoa majini kabla ya wakati, kwa njaa au kwa haraka, huwapa watoto wake sumu isiyoonekana kwa macho. Katika nchi ya Kwango watu wameujua ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ya watoto na ya akina mama, kwa sababu ya mihogo michungu isiyoloweshwa siku za kutosha. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza miaka minne ya maandalizi kabla ya Ubatizo. Miaka minne ni mirefu kwa kijana mwenye haraka! Lakini uchungu wa moyo nao hautoki kwa siku moja, na hata ukiisha kutoka, bado kuna kuanika, bado kuna kutwanga. Mihogo iliyolowa tu haijawa chakula.

Tazameni sasa Mwenye Heri Isidore Bakanja, mwana wa Kongo, kutoka nchi ya Equateur. Alipokuwa kijana aliacha kijiji chake, akaenda Coquilhatville, mji unaoitwa leo Mbandaka, akawa msaidizi wa waashi. Huko alisikia habari ya Yezu Kristu, akafundishwa, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Mwaka ule ule akapewa Kipaimara, na mwaka 1907 akapokea Komunyo ya kwanza. Akavaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, kile kitambaa kidogo cha shingoni, nacho kikawa kwake kama nguo ya Ubatizo, asiivue.

Kisha kazi ya mjini ikaisha, akaenda kuwa mtumishi wa nyumbani mwa mzungu mmoja huko Ikili, penye kampani ya mpira. Hapo palikuwa mbali na misioni. Hapakuwa na Padri, wala kanisa, wala kengele ya kuwaita watu. Mkristu mpya wa kijijini na aone mfano huu vema, maana ndiyo hali yake mwenyewe. Bakanja hakungoja Padri afike ndipo asali. Alisali rozari yake peke yake, na wafanyakazi wenzake walipotaka kujua, akawafundisha sala. Yeye aliyekuwa mwanafunzi jana, leo alikuwa mwalimu. Hapo ndipo imani yake ilipokua haraka kuliko siku zote, kwa maana mtu anayemfundisha mwenziwe Baba Yetu hulazimika kuisikiliza mwenyewe.

Mzungu aliyekuwa msimamizi wa kampani huko aliwachukia wamisionari, kwa kuwa waliwafundisha watu weusi heshima ya wana wa Mungu. Akaamuru Bakanja aitoe skapulari. Hakuitoa. Mapema mwaka 1909 akampiga, na watu wake wakampiga kwa amri yake, zaidi ya viboko mia, kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Mgongo wake ukawa jeraha moja. Wakamfunga kwa minyororo. Na mkaguzi wa kampani alipokuwa anakuja, mzungu yule alitaka kumwondosha asionekane. Bakanja akajificha msituni, akajikokota hata kwa mkaguzi, akamwonyesha vidonda vyake. Mkaguzi akamchukua na kumtunza, lakini vidonda vilikuwa vimeoza. Mwezi wa Julai wamisionari wawili walimfikia, wakampa Sakramenti. Walipomsihi asamehe, aliwajibu ya kwamba amekwisha kusamehe, na ya kwamba akifika mbinguni atamwombea sana yule aliyempiga. Tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alikufa, rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Hesabuni sasa. Tangu Ubatizo wake hata kifo chake ni miaka mitatu na miezi mitatu. Hiyo ni pungufu ya ile miaka minne aliyoagiza Kardinali Lavigerie kwa matayarisho tu! Tena kuna jambo moja ambalo wasomaji wengi wa habari hii hulipita mbio. Bakanja alisamehe, lakini hakuuita ubaya wema. Alijikokota akiwa na mgongo ulioraruka ili aonyeshe ukweli kwa mwenye mamlaka. Kuna Wakristu wanaodhani kwamba kusamehe ni kunyamaza mbele ya udhalimu. Hao hawajamwelewa Bakanja, wala hawajamwelewa Bwana wetu, ambaye alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alimwuliza mpigaji sababu ya kumpiga.

Lakini wengi hawatapigwa viboko kwa ajili ya skapulari. Jaribu lao litafika kwa mlango mwingine, usiku, pamoja na kilio cha mtoto.

Mtu amebatizwa tangu miezi miwili. Mtoto wake anawaka homa. Mjomba wake anaingia, anaketi karibu na moto, ananyamaza kidogo, kisha anasema: «Mwanangu, jina lako jipya halitamponya huyu. Kuna mtu anayemla. Twende kwa mfumu atuonyeshe ni nani.» Mjomba huyu si mwovu. Yeye ndiye aliyemlea, yeye ndiye aliyemsaidia mali ya ndoa. Naye anampenda mtoto kweli. Kwa hiyo jaribu ni zito. Mkristu mpya asimjibu mjomba kwa kiburi, wala asimwite mtu wa giza. Amjibu kwa heshima: «Mjomba, nimesikia, na mimi nina hofu kama wewe. Lakini usiku huu tumbebe pamoja mpaka dispensari.»

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Majani na mizizi ni viumbe vya Mungu. Bibi anayejua jani la kutuliza kikohozi hana kosa, na Kanisa halikumkataza mtu kunywa dawa ya miti. Tena homa ya malaria huletwa na mbu, na mtoto mchanga aweza kufa kwayo kwa siku chache. Apelekwe dispensari upesi, tena alale chini ya chandarua. Kumbe kazi ya mfumu ni nyingine. Yeye hutaja jina. Na jina analolitaja mara nyingi ni la mjane mzee asiye na mtetezi, au la mtoto yatima aliyelishwa kwa huruma nyumbani mwa jamaa. Tangu saa ile mjane hapewi tena moto na majirani, na yatima hufukuzwa kwenda kulala sokoni. Homa ya mtoto ikiisha, chuki haiishi. Hii ndiyo sababu Mkristu hawezi kwenda huko: anakwenda kununua adui, na adui huyo ni mmoja wa wadogo ambao Yezu Kristu alisema kwamba wanalotendewa wao ametendewa yeye.

Nguvu ya kukataa usiku kama huo haipatikani usiku ule ule. Hukusanywa pole pole, kama maji ya mvua katika mtungi. Sala fupi ya asubuhi kabla ya kushika jembe. Sala ya jioni pamoja na mke na watoto. Dominika katika kapela, hata kama Padri hupita mara moja tu kwa miezi mitatu na katekista ndiye anayesoma Injili. Kitubio na Komunyo kila mara Padri anapofika. Ni mambo madogo, na wengine huyadharau kwa udogo wake. Mchikichi nao hukaa miaka mitatu au minne bila kumpa mwenyewe hata kishada kimoja, naye hufyeka magugu pembeni yake kila mwaka.

Na aliyeanguka je? Maana wako walioanguka. Yuko aliyemfuata mjomba gizani, medali akaificha mfukoni, akalipa kuku, akasikia jina, akarudi. Dominika inayofuata aibu humwambia abaki nyumbani. Ya pili humwambia kwamba watu wote wanajua. Ya tatu haisemi tena neno, kwa sababu amekwisha kuzoea. Shetani hupata faida kubwa kwa hizo Dominika tatu kuliko kwa ule usiku mmoja. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, tena mbele ya mjakazi, akatoka nje akalia. Lakini Pasaka ilimkuta bado pamoja na wenzake. Msimamizi wa Ubatizo na akumbuke kwamba kazi yake haikwisha alipoushika mshumaa. Asingoje kusikia uvumi. Aende nyumbani kwa huyo mtu Dominika ya kwanza, jioni, aketi naye, ale naye, asimtukane, amwulize habari za mtoto.

Padri akifika, huyo mtu aungame bila kuficha jina la mjane wala lile la mfumu aliyelitaja. Kisha, kabla ya kupokea Komunyo, achukue mzigo wa kuni, aupeleke kwa yule mjane, aombe msamaha mbele ya mlango wake, mchana, watu wakiona.