Nenda Makumbusho na Penseli

Mwanangu, nimefurahi kusikia umepata nafasi ya kusomea sanaa, na furaha imezidi niliposikia chuo chenyewe kiko Dar es Salaam. Huko watakuambia mchoraji anajifunzia ufukweni, Kariakoo na kwenye vituo vya daladala. Ni kweli, kachore huko pia. Lakini mimi nakutuma Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 jirani na bustani ya mimea. Watoto wengi hupelekwa pale na shule, wakapangwa mstari, wakapitishwa mbele ya makabati ya vioo na kurudishwa kwenye basi. Wewe nenda kama mtu anayekwenda kazini.

Simu ibaki mfukoni. Kwa simu utatoka na picha mia na hakuna hata moja uliyoitazama. Penseli inakudai uamue: mstari huu unaanzia wapi, unapinda wapi, kivuli kinakomea wapi. Macho hayana pazia, walisema wazee wetu, yanapokea kila kinachopita. Mkono unaochora ndio unaoyatuliza mahali pamoja.

Anza na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu; fuvu hilo ni amana ya Makumbusho yale. Uwe umesimama mbele ya fuvu lenyewe au mbele ya nakala yake, kwa mchoraji darasa ni lile lile. Aliyeliona kwanza, tarehe 17 Julai 1959 katika Bonde la Olduvai, ni Mary Leakey, siku ambayo mumewe Louis alikuwa mgonjwa kambini. Wengi wanamjua kama mtafiti wa mambo ya kale. Wachache wanajua kwamba alikuwa binti wa mchoraji, na kwamba aliingia katika kazi ile kwa mlango wa kalamu: alichora zana za mawe, na Louis alimwomba amchoree michoro ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1934. Mwaka 1951 alikwenda Kondoa kunakili michoro ya kale ya mapangoni, ile iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, akifuatisha watu wembamba na wanyama wa rangi nyekundu mstari kwa mstari. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka mingi hapiti mteremkoni akakosa kuona kipande cha mfupa kinachochungulia udongoni. Wengine wataita bahati. Mimi nasema jicho lake lilikuwa limefundishwa.

Sasa lichore. Utaona ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya utosi, mifupa ya mashavu iliyotanuka kando, na magego makubwa kuliko unavyotarajia. Usikimbilie kutia vivuli. Jiulize ukingo ule ni wa nini. Ni mahali iliposhikizwa misuli ya kutafunia, misuli iliyopita nyuma ya mifupa ya mashavu hadi kwenye taya. Ukishajua hivyo, mstari wako utaacha kutetemeka, kwa sababu unachora nguvu iliyokuwa ikivuta upande fulani. Halafu kuna taya la chini. Fuvu lile lilipatikana bila taya lake. Taya la kiumbe wa aina ile liligunduliwa na Kamoya Kimeu, Mkenya, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Kwa hiyo ukichora fuvu la Olduvai, mahali pa taya paache wazi. Nakusisitizia jambo hili kwa sababu vijana wenye vipaji ndio wanaopenda kujaza pengo kwa kubuni. Kubuni kuna wakati wake, na wakati huo utaufurahia zaidi ukiwa umezoea kusema kweli kwanza.

Siku nyingine panda daladala mpaka Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo, zilikojengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Pale utajifunza uzito. Chora tembe la Wagogo lilivyoinama chini, paa lake bapa la udongo likiwa limebebwa na miti, kisha uchore msonge wa Wahaya, nyasi zikishuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ingia ndani, usichorie nje tu. Kaa sakafuni, utazame jinsi mwanga unavyoingia mlangoni na unavyokufa kabla ya kufika ukutani.

Vinyago navyo vina adabu yake. Ukikutana na lipiko, kinyago cha Wamakonde kinachovaliwa kichwani, utavutiwa na nywele halisi za binadamu zilizobandikwa na chale zilizochorwa kwa nta usoni, pengine na ndonya mdomoni. Kichore kwa moyo wote. Lakini kumbuka hakikuchongwa kikae ndani ya kioo. Kilichezwa ngomani, wakati wa jando na unyago, na aliyekivaa alifichwa asijulikane. Kioo kimekuonyesha uso tu, kimekunyima ngoma, vumbi na hofu ya watoto. Kabla hujaweka sura ile kwenye fulana au bango la mteja, watafute Wamakonde wazee, Dar es Salaam wapo tele, uwaulize. Wakikukataza, sikia. Msanii anayechukua sura za watu bila kuwasikiliza anafanana sana na wale waliobeba vitu vyetu kupeleka Berlin, vikiwemo vilivyotekwa katika Vita vya Majimaji.

Kwa hiyo kila ukurasa uandike pembeni: kitu gani, cha wapi, cha watu gani, kilifanya kazi gani, kimetengenezwa kwa kitu gani. Kibandiko kikisema machache, muulize mhifadhi. Watu wale wanapenda kuulizwa, na ukizoeleka huenda wakakuonyesha hata visivyowekwa ukumbini. Omba ruhusa mlangoni kabla ya kufungua daftari, tumia penseli tu; wino na rangi za maji uviache nyumbani, na uende baada ya makundi ya shule kuondoka.

Utatamani kuona vyote siku moja. Chagua kimoja. Kichore kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma kama kioo kinakuruhusu, kisha ugeuke ukichore bila kukitazama, ujue ni wapi ulikuwa unadanganya. Ukija likizo niletee daftari lote, na kurasa ulizoharibu usizichane. Hizo ndizo nitakazokaa nazo kwa muda mrefu, tuelekezane.